Je, wajua kwanini risasi ya .38 haifiki .38?

Nilibishana na mzee mmoja pale Mbuyuni, Moshi, aliyetumika miaka mingi kwenye makampuni ya uwindaji Arusha. Yeye anasema rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka, ya .357 Magnum inapiga risasi za .38 Special bila shida yoyote. Mi nikacheka. Namba si zinajieleza jamani, .38 ni kubwa kuliko .357, sasa kikubwa kitaingiaje kwenye kidogo? Tukawekeana soda.

Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba namba ya kaliba, yaani ile .38 au .357 inayosomwa kwa inchi, ni kipimo, na ukiangalia vizuri ni makosa mawili maana nilidhani pia namba kubwa ndo yenye nguvu. Kichwa cha .38 Special, yaani kile kipande kinachoruka, na kichwa cha .357 Magnum vina upana uleule, inchi 0.357, kama milimita 9.07 hivi. Hata ile 9 mm ya kijerumani ya 1902 imo humohumo, milimita 9.01. Na .44 Magnum nayo si .44, ni .429. Yaani nusu ya majina haya ukiyapimia rula yanakukana.

Ila kabla hujashangaa sana, nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi uombe bomba la chuma la nusu inchi. Nje utapata milimita 21 na kidogo, ndani kama 16, na nusu inchi yenyewe ni 12.7, huipati popote kwenye lile bomba. Fundi bomba halalamiki, kwake nusu inchi ni jina tu.

Sasa hilo jina la .38 lilitoka wapi? Zamani kulikuwa na Colt Navy ya 1851, inaitwa kaliba .36, unajaza baruti na goroli la madini ya risasi kwa mbele ya silinda. Risasi zenye ganda, yaani kikopo cha chuma kinachobeba baruti na kushika kichwa, zilipokuja, miaka ya 1870 watu wakaanza kuzigeuza hizo bastola zilizokuwepo, wanakata silinda kwa nyuma ili ganda liingie. Shida ni kwamba tundu la silinda limenyooka, upana mmoja mwanzo mwisho, kwahiyo ganda na kichwa ilibidi viwe na unene mmoja.

Chukua chupa ya mafuta ya taa unayoiziba kwa gunzi. Kawaida gunzi linazama ndani ya shingo. Lakini tuseme unataka gunzi liwe na unene sawa na shingo kwa nje, ukipitisha kidole usisikie hata ngazi. Inabidi uchonge kitako chake kiwe chembamba, kitako ndo kiingie, mwili wote ubaki nje umelingana na kioo. Risasi za mwanzo za .38 zilikuwa hivyo hivyo, na upana wa ganda ulikuwa karibu kabisa na inchi 0.38, kwahiyo kwa wakati huo jina lilikuwa kweli.

Tatizo likawa grisi. Kichwa cha risasi kinapakwa grisi kipite mtutuni bila kukwaruza, na kama mwili wote uko nje basi grisi nayo iko nje, inakusanya mchanga na pamba za mfukoni. Vumbi la dala dala ya Boma Ng'ombe lingeimaliza siku moja. Wakaamua kulizamisha gunzi ndani ya shingo, grisi ifichwe na ganda. Ila ukilizamisha lazima ulipunguze, na chupa haikubadilika. Ganda likabaki na 0.379, kichwa kikashuka hadi 0.357, tofauti ni kama nusu milimita, na jina likabaki na ganda. Mitutu ya zamani ikawa mipana kuliko kichwa, wakakichimba shimo kitakoni ili moto wa baruti ukitanue. Ujanja mzuri, ingawa ni kiraka.

.38 Special yenyewe ni ya Smith & Wesson, 1898. Mwaka 1935 wakatoa .357 Magnum, safari hii wakaandika kipimo cha kweli, labda kibiashara tu isichanganywe na .38. Ganda wakalirefusha kama milimita 3 makusudi, lisiingie kwenye bastola dhaifu za .38. Presha ya Special ikifyatuliwa ni kama 17,000 psi, ya Magnum 35,000, na tairi la Noah lina 30 na kitu tu. Kwahiyo fupi inaingia kwenye ndefu, ndefu haiingii kwenye fupi, na wenye Magnum wengi hufanyia mazoezi .38 maana haipigi mkono sana.

Ila angalia, kuna .38 nyingine, ile ya Enfield na Webley za Waingereza. Ganda lake ni fupi na nene, kichwa 0.361, haiingiliani na Special. Mzee hili alilijua pia.

Mi sikugusa bastola ya mtu kwenye utafiti wote huu, bila leseni hiyo ni kesi. Nilichomrudishia mzee ni soda yake na swali, je gunzi lililochongwa kitako bado lipo? Akasema lipo, .22 ya kawaida, ya tangu 1887, kichwa na ganda unene mmoja mpaka leo, na ukiishika inakuachia nta vidoleni.