UVIKO imepita, homa imerudi: maswali ya wazazi kuhusu figo za watoto

Mwanangu alipona UVIKO-19 mwezi uliopita. Sasa ana homa, macho mekundu na tumbo linamuuma. Ni malaria?

Apimwe malaria, na mkojo pia. Majibu yakitoka safi na homa ikaingia siku ya 3, mkumbushe daktari kuhusu ile UVIKO. Wiki 2 hadi 6 baada ya maambukizi, kinga ya watoto wachache hupitiliza na kuleta uvimbe wa ndani mwili mzima: moyo, utumbo, ngozi, mishipa ya damu. Madaktari wa Uingereza walitoa tahadhari kuhusu hali hii Aprili 2020. Ni nadra, ila haisubiri.

Figo zinaingiaje hapo?

Mara nyingi kwa kukosa damu ya kutosha. Mtoto ametapika na kuharisha, moyo unasukuma kwa unyonge, mishipa imelegea, presha imeshuka. Figo hupokea karibu sehemu 1 kati ya 5 ya damu yote inayotoka moyoni, kwa hiyo huumia mapema.

Na hapa sitazunguka: wazazi huwa tunaongeza tatizo. Diklofenaki na brufeni, zinazonunuliwa kirahisi duka la dawa, hubana mishipa inayoingiza damu kwenye figo za mtoto aliyepungukiwa maji. Panado kwa kipimo cha uzito wake inatosha. Mitishamba ya kushusha homa nayo iacheni, hata bibi akisisitiza.

Nitajuaje nikiwa nyumbani?

Angalia mkojo. Mtoto wa kilo 10 anatakiwa kutoa angalau mililita 5 kwa saa, yaani kijiko cha chai. Pampasi ikikaa kavu saa 6, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au uso ukivimba, nenda hospitali, iwe ni usiku.

Nimnyweshe maji mengi kwanza?

Hapana. ORS kidogo kidogo mkiwa njiani. Moyo uliochoka hauwezi kubeba maji ya kulazimisha. Hata dripu hospitalini hupimwa kwa uangalifu.

Tukipewa rufaa kwenda hospitali ya KCMC Moshi, ndiyo kusafishwa damu?

Wengi hawafiki hatua ya kusafishwa damu. Watampima kreatinini (uchafu wa damu unaoonyesha figo zinavyofanya kazi) na presha, watamwangalia moyo, atapewa steroidi (dawa za kutuliza uvimbe huo wa ndani) na pengine kingamwili za mshipani. Uvimbe ukitulia, figo nyingi hurudi kazini. Wachache husafishwa kwa muda, na kwa watoto wadogo hilo huweza kufanyika kwa kupitisha maji maalumu tumboni.

Baada ya kuruhusiwa, arudi kupimwa presha na protini kwenye mkojo, hata kama anacheza mpira.