Uongozi na mawasiliano ya meneja wa mradi: maana yake hasa

Meneja wa mradi anadaiwa matokeo ya kazi ambayo wengi wanaoifanya si watu wake. Mhandisi ana bosi wake kwenye idara ya uhandisi, mhasibu anawajibika kwa mkuu wa fedha, na mkandarasi anatazama mkataba aliosaini. Wote wameazimwa tu, mradi ukiisha kila mmoja atarudi alikotoka. Katika taasisi nyingi meneja huyu hampandishi mtu cheo wala hamwongezei mshahara, na likizo zao zinaidhinishwa kwingine. Lakini ratiba ikiteleza, anayeitwa kujieleza ni yeye.

Kwa hiyo stadi za uongozi zinazotajwa kwenye kazi hii si haiba ya kuzaliwa nayo wala ufasaha wa kuhutubia. Ni uwezo wa kuwafanya watu usiowaamuru wavute kamba upande mmoja, na kuendelea kuivuta hata pale idara zao zinapowahitaji kwa shughuli nyingine. Mwaka 1959 wanasaikolojia John French na Bertram Raven walitaja vyanzo vitano vya nguvu ya mtu juu ya wenzake: cheo, uwezo wa kutoa tuzo, uwezo wa kuadhibu, ujuzi, na heshima ambayo watu humpa kwa hiari yao. Vitatu vya kwanza humfikia mtu kwa nafasi aliyopewa, na meneja wa mradi huwa navyo kidogo sana. Anabaki na ujuzi na heshima. Heshima hiyo hujengwa kwa mambo yanayoonekana madogo, kama kutimiza alichoahidi kikao kilichopita, kusema wazi asilolijua, kumtaja aliyefanya kazi mbele ya wakubwa, na kutomtupia mtu lawama wakati mfadhili amekasirika.

Mawasiliano ndiyo njia ambayo uongozi huo unapita, na hapa wengi hukosea tangu mwanzo. Hudhani kuwasiliana ni kutuma. Barua pepe imekwenda, ripoti imesambazwa, kumbukumbu za kikao zipo kwenye jalada, basi kazi imekwisha. Ujumbe uliotumwa haujawa mawasiliano mpaka mwenzako ameuelewa kama ulivyoukusudia na amejua cha kufanya.

Chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter kilirushwa Desemba 1998 na kupotea tarehe 23 Septemba 1999, kilipokuwa kinaingia kwenye mzingo wa sayari ya Mirihi. Programu ya kompyuta iliyotengenezwa na kampuni ya Lockheed Martin ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya paundi, na waongozaji wa safari upande wa NASA, shirika la anga la Marekani, walizipokea wakiamini ni nyutoni, kipimo cha nguvu cha mfumo wa metriki. Tofauti yake ni karibu mara 4.45. Wengi wanaosimulia mkasa huu huishia kwenye vipimo. Mimi naona funzo kubwa zaidi kwa meneja liko kwenye sehemu nyingine ya uchunguzi: waliokuwa wakifuatilia njia ya chombo walishaona kwamba mambo hayakai sawa, ila wasiwasi wao ulipita kwa njia zisizo rasmi, haukuingizwa kwenye utaratibu wa kuripoti hitilafu, na haukupata jibu la kutosha. Habari ilikuwepo. Haikumfikia mwenye uwezo wa kuamua ikiwa na uzito wake.

Ukubwa wa timu nao huongeza ugumu kwa kasi ambayo watu hawaitarajii. Watu 5 wana jozi 10 za kuzungumza. Wakifika 10, jozi zinakuwa 45. Wakifika 20, zinakuwa 190. Hesabu ni rahisi: zidisha idadi ya watu kwa idadi hiyo ukitoa mmoja, kisha gawa kwa mbili. Ndiyo maana kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa si dawa ya uhakika, kwa sababu wageni lazima waelekezwe, na wa kuwaelekeza ni walewale waliokwisha kuzidiwa. Mpango wa mawasiliano upo ili kupunguza msongamano huo kwa kuamua nani ajulishwe nini, lini, na kwa njia ipi. Mfadhili anahitaji kurasa chache zenye maamuzi anayotakiwa kuyafanya, fundi anahitaji mchoro sahihi wa leo.

Ila kama ningeambiwa nichague stadi moja tu, ningechagua namna ya kupokea habari mbaya. Fikiria fundi anayekuja kusema jaribio limefeli na wiki mbili zitapotea. Meneja akifoka, fundi yule atarudi kazini, na wenzake watajua. Mara ijayo watasubiri mpaka tatizo lisifichike tena. Taarifa za kila wiki zitaendelea kuonyesha rangi ya kijani, yaani kila kitu kiko sawa, huku kazi yenyewe ikioza ndani. Meneja anayeanza kwa kusema “asante kwa kuniambia mapema”, kisha akauliza kimetokea nini na kinahitajika nini, anajinunulia muda ambao fedha za mradi haziwezi kuununua. Hilo halimaanishi kuvumilia uzembe. Uzembe una wakati wake wa kushughulikiwa, faraghani, baada ya tatizo kujulikana kwa ukubwa wake.

Kusikiliza nako kuna ufundi wake. Swali la “mmeelewa?” mwishoni mwa kikao hujibiwa “ndiyo” karibu kila mara, kwa adabu au kwa uchovu. Muulize mtu badala yake: “Wewe utaanzia wapi?” Akieleza hatua yake ya kwanza, utasikia palepale kama picha iliyo kichwani mwake inafanana na yako, na kama hazifanani, bado mko chumba kimoja na hakuna kilichojengwa.