Yakobo hakusubiri miaka 14, jamani

Juzi nimekaa tena kwenye kikao cha mahari, mimi ndo mshenga upande wa kijana, tumeweka nusu mezani tunaomba nusu iliyobaki tulipe mdogomdogo ila harusi iendelee, mjomba wa binti akakohoa akasema binti hatoki hapa mpaka iishe yote, hata Yakobo alisubiri miaka 14 ndo akapewa Raheli. Sebule nzima ikaitikia "kabisa!" Sasa mimi nafundisha Agano la Kale na semina za wachumba, hii hoja nimeisikia mpaka basi, siku hiyo ikanishinda nikaomba Biblia.

Hebu soma Mwanzo 29 kuanzia mstari wa 15, taratibu. Kwanza miaka saba ya kazi ili apewe Raheli aliitaja Yakobo mwenyewe, Labani, baba wa binti, aliuliza tu unataka nikulipe nini. Kijana alikuja mikono mitupu, baadaye anakiri mwenyewe (32:10) kwamba alivuka Yordani na fimbo tu, sio kama yule mtumishi wa babu yake aliyekwenda kumposa Rebeka na ngamia kumi, kwa hiyo akalipa kwa jasho. Miaka ikaisha, karamu ikapigwa, usiku akaingiziwa Lea, dada mkubwa wa Raheli, asubuhi ugomvi. Labani akamwambia malizia juma la huyu kwanza halafu tunakupa na mwenzake, kwa kazi ya miaka saba mingine. JUMA. Zile siku saba za sherehe, kama karamu ya Samsoni kwenye Waamuzi 14. Mstari wa 28 juma limeisha Raheli kakabidhiwa, mstari wa 30 ndo Yakobo anaanza kuitumikia ile saba ya pili. Yaani Raheli alitolewa kwa mali kauli, samahanini dada zangu kwa lugha ya Kariakoo, na aliyekopesha ni Labani, huyuhuyu ambaye mkwe wake analalamika kambadilishia mshahara mara kumi!

Kama bado unabisha angalia watoto. Lea anazaa Reubeni, Simeoni, Lawi, Yuda, sura ya 30 inafunguka Raheli anamwonea wivu dada yake na anamjia juu Yakobo, nipe watoto la sivyo nitakufa. Sasa binti ambaye bado yupo kwenye uchumba anamdai nani watoto? Na 31:41 Yakobo anajumlisha mwenyewe mbele ya baba mkwe, miaka 14 kwa ajili ya binti zako wawili, sita kwa ajili ya mifugo, jumla 20. Hiyo 14 ni miaka ya kulipa. Kusubiri alisubiri saba na juma moja.

Mjomba akafikiri, akauliza "Kwa hiyo Labani alikuwa mjinga?" Hapana mzee wangu, mkwe alikuwa analala kwake, anachunga kondoo wake, angekimbilia wapi na deni. Hapo nikiri mzee alinibana kidogo maana kijana wetu anafanya kazi mkoa mwingine kabisa.

Vijana nao wana ya kwao, kwamba mahari ya kwenye Biblia ilikuwa kununua mwanamke. Neno la Kiebrania ni mohar, ndugu kabisa na hili letu lililopita kwa Waarabu, na kwenye maandiko yote ya Kiebrania limetokea mara tatu tu. Moja ipo Kutoka 22, mwanaume akimrubuni binti atalipa, na baba akikataa kumtoa binti pesa inalipwa vilevile. Dukani gani unalipa halafu unaondoka bila kitu? Halafu wasikilize Raheli na Lea wenyewe 31:15, wanasema baba katuuza na hela yetu kaila. Wamekasirika kwa sababu wanaona kafanya kitu kisichofanywa. Kwa hiyo mzee unayekula mahari yote bila kumpa binti hata sufuria, unajua upo upande wa nani.

Halafu ile "uendako nitakwenda" kwenye kadi za harusi, naomba msome Ruthu 1 kabla ya kuchapisha. Ruthu anamwambia mama mkwe wake Naomi, mume keshakufa, Boazi atakayemwoa baadaye hata hajatokea kwenye hadithi. Bibi harusi akimwambia mama mkwe wake hayo maneno mbele ya watu nitapiga vigelegele mimi wa kwanza.

Nyingine ni ya Mispa, pale Yakobo na Labani walipoagana kwenye Mwanzo 31, Bwana atuangalie mimi na wewe tukiwa mbalimbali, wachumba wanatumiana kwenye meseji na vimoyo. Wenzangu, hayo ni maneno ya watu wasioaminiana! Yakobo katoroka na familia, Labani kamfukuzia siku saba, wamekusanya mawe yawe shahidi kwamba huyu asivuke rundo kumdhuru yule, na Labani kaongeza sharti, ukiwatesa binti zangu au ukiwaolea wake wengine Mungu anakuona.

Hii mjomba aliipenda kuliko zote. Akakubali theluthi ibaki, akamwita mtoto alete daftari na kalamu, akaandika kiasi na tarehe, tukasaini mimi na shangazi wa binti, kisha akalifungia kabatini na funguo akatia mfukoni.