Kodi ya kaboni hufanya nini kwenye uchumi?

Kodi ya kaboni hutozwa kwenye petroli, dizeli, gesi asilia na makaa ya mawe kulingana na hewa ukaa inayotoka yakichomwa. Haiangalii bei. VAT hupanda mafuta yakipanda bei; kodi hii hubaki palepale.

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa. Kwa dola 30 kwa tani, kila kilo ni senti 3, kwa hiyo bei ya lita huongezeka karibu senti 7. Jimbo la British Columbia, Kanada, lilianza na dola 10 za Kanada kwa tani Julai 2008, likafika 30 mwaka 2012. Kwenye pampu ya petroli, kodi ilikuwa senti 6.67 kwa lita.

Kinachoonekana mapema ni bei. Lakini kupanda mara moja si sawa na mfumuko wa bei usiokoma: miezi 12 ikipita, ongezeko lile halionekani tena kwenye hesabu ya mwaka. Kinyume chake pia ni kweli. Aprili 2025 Kanada iliiondoa kodi hii kwa watumiaji, na mfumuko ukashuka kutoka asilimia 2.3 hadi 1.7. Benki kuu ikipandisha riba kwa pupa kupambana na ongezeko kama hilo, inaweza kuumiza ajira kuliko kodi yenyewe.

Jambo zito ni matumizi ya fedha zinazotokana na kodi hii. Zikikaa tu kwenye hazina ya serikali, mifuko ya watu hupungua, mauzo hushuka, na pato la taifa huteleza. British Columbia ilizirudisha: ilipunguza kodi ya mapato ya watu, ikashusha ya makampuni kutoka asilimia 12 hadi 10 kufikia 2011, na wenye kipato kidogo wakapewa malipo yao. Bila malipo hayo maskini hubeba mzigo, maana nauli na mafuta hula sehemu kubwa zaidi ya kipato chao.

Tatizo liko kwenye bidhaa zinazoshindana na za nje. Saruji ya jimbo ilipanda gharama, ile ya kuagizwa haikutozwa chochote mpakani. Wanunuzi wakaifuata, na moshi ukahamia kwenye tanuri la mwingine. Wakulima wa nyanya za vitalunyumba, wanaopasha joto kwa gesi, nao walilalamika hadi wakapata nafuu. Ila kila nafuu hupunguza fedha za kurudisha kwa wengine.