Kwa nini mwaka 2000 ulikuwa mrefu, lakini 2100 hautakuwa?

Wengi wetu tulifundishwa kanuni moja tu: mwaka ukigawanyika kwa 4 bila kubaki kitu, Februari ina siku 29. Kanuni hiyo imetufaa kwa bahati. Mwaka 2000 ungeweza kutuumbua, ila ukaokolewa na kanuni nyingine ambayo wengi hatukuwahi kuisikia. Mtoto anayezaliwa leo huenda akauona mwaka 2100, nao unagawanyika kwa 4 vizuri kabisa, lakini Februari yake itaishia tarehe 28.

Kisa chenyewe ni kwamba Dunia haizunguki Jua kwa siku kamili. Chukua sikusare ya Machi, yaani wakati ule Jua linapovuka ikweta kuelekea kaskazini, mchana na usiku vikikaribia kulingana. Kutoka sikusare moja ya Machi hadi nyingine hupita siku 365, saa 5 na dakika 49 hivi. Hizo saa na dakika za ziada huwezi kuzitia kwenye kalenda zilivyo, maana hakuna anayetaka mwaka mpya uanze usiku wa manane safari hii na alfajiri safari ijayo. Unaziweka akiba, na zikikaribia kufika siku nzima, unailipa.

Tazama akiba hiyo inavyokua, kwa saa za Greenwich. Mwaka 2024 sikusare iliingia tarehe 20 Machi, saa 9:06 usiku. Mwaka 2025 ni saa 3:01 asubuhi, 2026 saa 8:46 mchana, 2027 saa 2:25 usiku, tarehe ikiwa bado ni ile ile 20. Tukiiacha iendelee hivyo, 2028 itavuka usiku wa manane na kuangukia tarehe 21. Lakini Februari ya 2028 ina siku ya nyongeza, kwa hiyo sikusare inarudi tarehe 20, saa 8:17 usiku. Sasa ilinganishe na ya 2024. Haikurudi pale pale. Imewahi kwa dakika 49. Pengo hilo hupanda na kushuka kidogo, ila kwa wastani ni kama dakika 44, kwa kuwa saa 5 na dakika 49 mara nne ni saa 23 na dakika 16, nasi tumelipa saa 24 kamili.

Dakika 44 kwa miaka minne nani atazihesabu? Julius Caesar hakuzihesabu. Kwa ushauri wa mnajimu Sosigenes wa Alexandria alitangaza mwaka mrefu kila baada ya miaka minne, na ili kuanza sawa aliurefusha mwaka 46 KK hadi siku 445. (Makuhani wa Roma waliielewa kanuni vibaya wakawa wanaongeza siku kila mwaka wa tatu, hadi Augustus alipowasahihisha. Kanuni rahisi namna ile, na bado!) Lakini dakika hizo hujumlika kuwa siku tatu kila miaka 400. Kanisa lilikuwa likipanga Pasaka kwa kuichukulia sikusare kuwa tarehe 21 Machi, kama ilivyokuwa karibu na wakati wa Mtaguso wa Nisea mwaka 325. Kufikia karne ya 16 Jua lilikuwa likivuka ikweta tarehe 11.

Papa Gregori XIII akafuta siku kumi. Mwaka 1582, Alhamisi tarehe 4 Oktoba ilifuatwa na Ijumaa tarehe 15. Ili kosa lisijirudie, akaukubali mpango wa Luigi Lilio, mganga wa Calabria aliyekuwa ameshafariki miaka sita nyuma: miaka inayofunga karne isiwe mirefu, isipokuwa ile inayogawanyika kwa 400. Ndiyo maana 2000 ulipita na 2100 utakwama. Kila miaka 400 tunapata miaka mirefu 97 badala ya 100.

Hesabu nzuri, ila mimi naona ina kasoro moja isiyotajwa sana. Malipo yake hayana mpangilio mzuri. Deni linaachwa lirundikane karne nzima ndipo likatwe kwa mkupuo, na mwaka 2000 halikukatwa hata kidogo. Matokeo yake, kwa saa zile zile za Greenwich, sikusare ya 1903 iliangukia usiku wa tarehe 21 Machi, na ya 2096 itaangukia tarehe 19. Kalenda ni ile ile, lakini Jua limeteleza zaidi ya siku mbili.

Je, kuna mzunguko ulio bora? Chukua miaka 33. Saa 5 na dakika 49 mara 33 ni saa 191 na dakika 57. Siku 8 ni saa 192. Tofauti ni dakika tatu! Yaani ukiweka miaka mirefu minane ndani ya miaka 33, saba ikifuatana kwa nafasi ya miaka minne na mmoja ukisubiri mitano, sikusare haitangatangi hata siku nzima. Ubaya wake ni kichwani: nani atajua upesi kama 2057 ni mrefu kwa kugawanya kwa 33? Kugawanya kwa 4 na kutazama sifuri mbili za mwisho, hata mtoto anaweza.

Iran imeikwepa hesabu yote hiyo. Sikusare ya Machi ikiingia kabla ya adhuhuri kwa saa za Iran, siku hiyo ndiyo tarehe 1 Farvardin, mwanzo wa mwaka. Ikiingia baada ya adhuhuri, mwaka unaanza kesho yake. Miaka mirefu inajitokeza yenyewe, kwa kawaida kila baada ya minne, mara chache mitano.

Mpaka hapa tumepima Machi hadi Machi. Wapo wanaopendelea wastani wa mzunguko mzima, ambao ni siku 365, saa 5, dakika 48 na sekunde 45, kwa kuwa mwendo wa Dunia haulingani mwaka mzima na misimu haipishani kwa urefu ule ule. Kwa kipimo hicho, miaka 128 yenye mirefu 31 inalingana karibu kabisa. Kalenda ya Gregori nayo huachwa nyuma siku moja kwa miaka kama 3,200. Ukipima Machi hadi Machi, ni zaidi ya 7,000. Kuhangaikia sekunde zaidi ya hapo ni kazi bure, kwa sababu mzunguko wa Dunia wenyewe unapungua kasi na siku inarefuka taratibu.

Kuna aliyejaribu hata hivyo. Mwaka 1923 Milutin Milanković wa Serbia alipendekeza kwamba mwaka wa kufunga karne uwe mrefu endapo tu, ukigawanywa kwa 900, utabakiza 200 au 600. Baadhi ya makanisa ya Kiorthodoksi huitumia kalenda hiyo kwa sikukuu zao za tarehe maalumu, nayo inakwenda sambamba na ya Gregori hadi mwishoni mwa Februari 2800. Kesho yake, kwa Gregori itakuwa tarehe 29, na kwa Milanković itakuwa tarehe 1 Machi.