Kebo Iko Hapa, Fremu Inapita Kule: Dhana Potofu za Maabara ya Mitandao

"Mwalimu, hii kebo imekufa."

Mwanafunzi wangu wa jioni hapa Kondele, Kisumu, alikuwa ameshaibadilisha mara mbili. Alichora swichi tatu kwenye Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuiga mitandao, zikashikana kwa pembetatu. Kebo tatu, ncha sita. Ncha tano zilikuwa na alama ya kijani, na ya sita iligoma kwenye rangi ya chungwa. Nilimwambia asiiguse, afute kebo nyingine inayotoka kwenye swichi hiyo hiyo kwenda kwa swichi kiongozi (ile ambayo nyingine zote hupima njia kuelekea kwake), kisha ahesabu pole pole. Alipokaribia 30, ile ya chungwa ikageuka kijani. "Kumbe ilikuwa imelala tu," akasema.

Hiyo ndiyo dhana ninayokutana nayo kuliko zote kwa wanaojiandaa kwa mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco: kwamba kebo ikichomekwa na taa ikawaka, basi data inapita. Kwa macho una pembetatu. Kwa fremu, yaani vifurushi vya data vinavyopita kwenye swichi, hakuna pembetatu, kuna mti wenye matawi mawili, kwa sababu STP, itifaki ya swichi ya kuzuia mizunguko, imefunga poti moja kwa makusudi. Pakiti ya IP hubeba hesabu inayopungua kila inapovuka ruta (kifaa kinachounganisha mitandao tofauti), mpaka inakufa. Fremu ya Etherneti haina hesabu hiyo. Ikipata mzunguko, itazunguka mpaka mtu achomoe waya. Ndiyo maana poti iliyofungwa haikurupuki kufunguka: husikiliza kwa sekunde 15, hujifunza anwani kwa sekunde 15 nyingine, ndipo ianze kupitisha.

Mzunguko wenyewe niliwahi kuuona kwenye shule moja upande wa Kakamega. Swichi zilikuwa zile za bei ya chini zisizojua STP. Mtu alikuta kebo inaning'inia, akaona ni uchafu, akaichomeka kwenye tundu lililokuwa wazi. Taa za swichi zote zikaanza kupepesa kwa pamoja kama za disko, na hakuna kompyuta iliyofungua hata ukurasa mmoja. Tulitafuta kosa kwenye intaneti asubuhi nzima, na kosa lilikuwa kebo nzima, mpya, iliyokazwa vizuri.

Jambo dogo kabla sijaendelea: swichi kiongozi si ile uliyoichora juu. Ni yenye kitambulisho kidogo zaidi. Zote zikiachwa na kipaumbele chao cha kiwandani, 32768, anayeamua ni namba ya MAC, ile ya kutambulisha kifaa: ndogo ndiyo hushinda. Ukitaka kuchagua mwenyewe, punguza kipaumbele cha swichi unayoitaka.

Sehemu ya tatizo naona inatokana na maneno yetu. Wengi hufundisha "topolojia halisi" dhidi ya "topolojia ya kimantiki", na mwanafunzi husikia kwamba moja ipo na nyingine ni ya kufikirika. Mimi husema topolojia ya kimaumbile, yaani kebo, poti, kabati na ukuta uliotobolewa. Ya kimantiki ni njia ambayo data hupita kweli, na nani anamsikia nani. Hakuna ya uongo hapo.

Packet Tracer nayo inaongeza utata. Eneo la kazi linalofunguka kwanza limeandikwa "Logical", basi watu huamini kwamba walichochora pale ndiyo topolojia ya kimantiki. Angalia vizuri: kuna aina za kebo, kuna majina ya poti. Hayo ni ya kimaumbile. Ndiyo maana nawaagiza wachore kurasa mbili za daftari. Wa kwanza una majina ya poti kama G0/1 na F0/24. Wa pili hauna kebo hata moja: una VLAN (mitandao iliyogawanywa ndani ya swichi) na anwani zake: VLAN 10 na 192.168.10.0/24, VLAN 20 na 192.168.20.0/24, na ruta katikati.

Kwa ukurasa huo wa pili, dhana ya "zimekaa pamoja, kwa hiyo ziko mtandao mmoja" hufa yenyewe. Chukua kompyuta mbili, poti 3 na poti 4 za swichi moja, ya kwanza VLAN 10, ya pili VLAN 20. Ukinyoosha mkono unazigusa zote mbili. Bila ruta hazitasalimiana. Ukiweka ruta kwa kebo moja, yenye viungo vidogo viwili (subinterface), kimoja kwa kila VLAN, pakiti itapanda kwa kebo hiyo na kushuka kwa kebo hiyo hiyo ili ifike kwa jirani. Wakati huo kompyuta ya jengo la pili, ikiwa VLAN 10, inajibu moja kwa moja.

Habu, kisanduku kinachonakili kila ishara kwa poti zote, ndiyo swali la zamani la mtihani: umbo ni nyota, lakini kimantiki ni basi (bus), yaani kama waya mmoja wa wote, kila mmoja anasikia kila kitu. Tazama bahasha, yaani ujumbe, kwenye hali ya uigaji (Simulation) ya Packet Tracer, utaona inanakiliwa kwa wote na wasiohusika wanapata alama ya X. Weka swichi mahali pake, kebo zile zile, na bahasha itaenda kwa mlengwa peke yake. Isipokuwa ile ya kwanza ya ARP, inayouliza anwani fulani ya IP ina MAC gani, ambayo ni tangazo la wote, na hapo wengi hushtuka na kudhani swichi imeharibika.

Kuna na wanaoamini traceroute, amri inayoorodhesha ruta ambazo pakiti inapita, kama ramani ya barabara. Matatu yenye kibao cha Kisumu–Nakuru inapita Ahero, Kericho, Mau Summit na Salgaa, hata kama kibao kina majina mawili tu. Ukijenga handaki la GRE, njia ya kimantiki inayofunga pakiti ndani ya pakiti nyingine, kati ya ruta ya Kisumu na ya Nakuru, traceroute inayopita ndani yake huonyesha hatua moja, hata kama ruta tano ziko katikati. Swichi za kawaida njiani hata hazitajwi.

"Basi show cdp neighbors ndiyo ukweli wa kebo," mmoja alinijibu. Amekaribia. Amri hiyo huorodhesha majirani kwa kutumia CDP, itifaki ya Cisco ya vifaa kujitambulisha. CDP hutuma taarifa kila sekunde 60, na swichi ya bei ya chini isiyoijua CDP huzipitisha tu. Ruta mbili zikajitaja majirani, na alipofuata kebo kwa mkono chini ya meza, akakuta kisanduku cha poti tano kilichofunikwa na vumbi.