Punda Akizubaa: Maswali na Majibu

Punda wangu amesimama kimya, kichwa chini. Amepumzika au anaumwa?

Mtazame masikio. Anayepumzika hulegeza mguu mmoja wa nyuma, na ukimwita sikio lake hufuata sauti. Sikio lisipogeuka, na majani akayanusa tu akayaacha, huyo anaumwa. Farasi akisokotwa na tumbo huparapara chini kwa kwato na kujitazama ubavu. Punda mwenye maumivu yale yale mara nyingi huzubaa tu, ndiyo maana wengi huchelewa kutibiwa. Wengine hujifanya wanakula: mdomo umo kwenye majani, lakini hawamezi. Ukiokota chini matonge ya majani yaliyotafunwa nusu, shuku meno.

Asipokula, usingoje kesho. Mwili wenye njaa huyeyusha mafuta na kuyamwaga kwenye damu hadi ini na figo hushindwa, hasa kwa punda mnene au jike mwenye mimba. Mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Nipime nini wakati namsubiri daktari?

Mpumzishe kivulini nusu saa kwanza. Simama ubavuni, si nyuma. Paka kipimajoto mafuta, kiingize njia ya haja kubwa kiguse ukuta. Joto la punda mkubwa ni nyuzi 36.5 hadi 37.8; pumzi 12 hadi 28 kwa dakika; mapigo 36 hadi 52, ukihesabia mshipa ulio chini ya taya. Usifuate vipimo vya farasi: nyuzi 38.5 kwake ni kawaida, kwa punda ni homa.

Mbona anagoma njiani?

Farasi akiogopa hukimbia, punda husimama. Fimbo humzidishia hofu tu. Mwache akitazame kilichomtisha. Lakini akigoma kila anapofungwa shogi (mfuko wa mizigo wa mgongoni), kama wale wanaobeba mchanga Lamu, ivue upitishe kiganja mgongoni. Ngozi ikitetemeka au mgongo ukizama mahali pamoja, hapo panauma; asibebe mpaka papone.

Kugaagaa vumbini?

Akiinuka akajikung'uta, ni raha yake. Akirudia bila kutulia, ni tumbo.

Masikio yamekakamaa, mkia umeinuka, kinywa hakifunguki?

Shuku pepopunda. Mara nyingi huingia kwa kidonda, mathalani cha msumari kwatoni. Muweke mahali pa giza na kimya, daktari aje haraka. Usimtie mkono kinywani: kichaa cha mbwa nacho humzuia kumeza. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali ukachanjwe.